Kwato za Okapi na Jamaa ya Farasi

Mutu akiona okapi mara ya kwanza, na mistari ile ya miguu yake, atasema: huyu ni ndugu ya punda milia. Wenye elimu wa Ulaya walisema vilevile. Mwaka 1901, huko London, Bwana Sclater alitazama vipande vya ngozi ya okapi vilivyotoka Kongo, akamwandika katika jamaa ya farasi: Equus johnstoni, kwa jina la Harry Johnston aliyevituma.

Lakini Johnston huyo, alipokuwa katika pori la Ituri, wenyeji walimwonyesha nyayo za okapi, nazo zilikuwa za kwato iliyopasuka. Hakusadiki, maana alitazamia kwato nzima kama ya farasi. Wenyeji walisema kweli. Mwaka uleule mafuvu yalifika Ulaya, ikaonekana wazi kwamba okapi ni ndugu ya twiga.

Ushuhuda wa kwato watoka wapi? Mwaka 1848 Mwingereza Richard Owen aligawa nyama wenye kwato mafungu mawili. Ngombe, mbuzi, nguruwe na twiga husimama juu ya vidole viwili vilivyo sawa. Farasi, kifaru na tapiri (nyama wa Amerika na Asia, mwenye pua kama mukonga mufupi) huweka uzito juu ya kidole cha katikati. Farasi amebaki na hicho kimoja tu. Kifaru anavyo vitatu. Tapiri ana vinne mbele na vitatu nyuma, basi si kazi ya kuhesabu tu: sherti kutazama kidole kinachobeba. Wasomaji wa Kitabu cha Walawi wanajua alama hizi tangu zamani, kwato iliyopasuka na kucheua. Jamaa ya farasi hawana hata moja.

Farasi na kifaru ndugu? Watoto wa shule watacheka. Lakini urithi ulio ndani ya damu umethibitisha neno la Owen, tena umeonyesha kwamba kifaru yu karibu na tapiri kuliko na farasi. Wengine hushangaa wakisikia hesabu ya kromosomu: farasi 64, punda 62, punda milia wa mbuga 44, wa milima 32. Ni kama kitabu kimoja kilichofungwa katika juzuu nyingi au chache; maneno hayakupotea. Ila nyumbu, mutoto wa punda dume na farasi jike, hupokea 31 na 32. Hizo 63 hazipatani vizuri wawili wawili, na kwa hiyo karibu kila nyumbu ni tasa.

Mwaka 2013 wenye elimu walisoma urithi wa farasi aliyekufa yapata miaka 700,000 iliyopita, mufupa wake ukihifadhiwa katika ardhi ya barafu ya Kanada. Walihesabu kwamba farasi, punda na punda milia walikuwa na babu mumoja miaka milioni 4 hadi 4.5 iliyopita.

Kwetu undugu huu una kazi nyingine. Kifaru mweupe wa kaskazini alikaa Garamba, mbuga iliyolindwa tangu 1938, lakini wawindaji walimumaliza. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Kenya mwaka 2018, wakabaki majike wawili, Najin na Fatu, wasioweza kubeba mimba. Sasa waganga wa nyama wanajaribu kuweka mbegu ya uzazi wao katika tumbo la ndugu yao, kifaru mweupe wa kusini.