Mraba wa Chungwa Uliouza Tamasha Hewa

Desemba 2016, mastaa mia kadhaa wa Instagram waliposti kitu kimoja kwa mpigo: mraba wa rangi ya chungwa, mtupu, usio na bidhaa wala bei. Aliyekuwa akiperuzi simu yake siku hiyo aliukuta kwa huyu, akaukuta kwa yule, mpaka udadisi ukamshinda. Nyuma ya mraba huo kulikuwa na video ya bahari ya Bahamas, boti za kifahari, na wanamitindo wa hadhi ya Bella Hadid na Hailey Baldwin wakijirusha ufukweni. Ndivyo tamasha la muziki la Fyre Festival lilivyotangazwa.

Mwasisi wake, Billy McFarland wa New York, alizaliwa 1991. Ni mtoto wa kizazi kilekile alichokiwinda, cha milenia, yaani waliozaliwa kati ya 1981 na 1996, na alikijua vilivyo. Hawa ni watu wanaobadilisha stesheni tangazo likianza. Neno la kampuni wanalitilia shaka, lakini si neno la mtu wanayemfuata kila siku, ambaye wanajua hata mbwa wake anaitwa nani. Ndiyo maana fedha nyingi za matangazo siku hizi huenda kwa watu wa aina hiyo. Dar es Salaam huitwa mabalozi, cheo kikubwa kwa kazi ya kushika chupa ya soda mbele ya kamera.

Kwa upande wa Fyre, kazi hiyo ililipa. Inaelezwa kuwa mwanamitindo Kendall Jenner alipata dola 250,000 kwa posti moja tu, wala hakuwaambia wafuasi wake kwamba amelipwa. Hakuwa peke yake: Aprili 2017, siku chache kabla ya tamasha, FTC, tume ya Marekani inayowalinda walaji, ilitangaza kuwa imeandika barua zaidi ya 90 kuwakumbusha mastaa na kampuni kwamba tangazo la kulipiwa lazima lijulikane kuwa ni tangazo.

Tiketi zilianzia mamia ya dola, na vifurushi vya wenye nazo vikafika dola 12,000. Watu wakanunua. Vyoo viko wapi, maji yatatoka wapi, maswali ambayo shangazi yeyote angeyauliza kabla ya kuchangia harusi, yalimezwa na bahari ya kwenye video. Kwa kweli muziki ulikuwa kisingizio. Kilichonunuliwa ni nafasi ya kuonekana pale.

Walioshuka kisiwani Great Exuma Aprili 27 walikuta mahema ya waathirika wa majanga, magodoro yaliyolowa mvua, na habari kwamba bendi ya Blink-182 imejitoa. Usiku huo mgeni mmoja akarusha Twitter picha ya chakula chake: vipande vya mkate, jibini na majani ya saladi ndani ya kisanduku. Posti hiyo haikulipiwa hata senti, nayo ikaenea kuliko ule mraba.

Waliolia zaidi hawakuwa wageni. MaryAnn Rolle, mwenye mgahawa kisiwani humo, aliwapikia watu wa tamasha, asilipwe, akatoa akiba yake ya dola 50,000 kuwalipa wasaidizi wake. Filamu mbili kuhusu sakata hilo zilipotoka Januari 2019, mchango ulianzishwa mtandaoni na zaidi ya dola 200,000 zikamfikia. McFarland alikuwa tayari gerezani: Oktoba 2018 alihukumiwa miaka 6, baada ya wawekezaji kupoteza dola milioni 26. Jenner naye alikubali mwaka 2020 kurudisha dola 90,000.

Mnunuzi wa Kariakoo, Dar es Salaam, wa rika hilo la milenia amelijua somo la Fyre bila kupanda ndege. Haridhiki na picha nzuri. Anataka video ya mzigo iliyorekodiwa leo. Anapekua maoni ya wateja waliotangulia, na akikuta maoni yamefungwa, anahama ukurasa. “Bei njoo inbox” humkera kuliko bei yenyewe. Halafu anataka kulipa mzigo ukifika, bodaboda asubiri getini wakati kiatu kinajaribiwa. Muuzaji anayeyavumilia hayo yote anaweza asiwe na haja ya balozi.

Hata hivyo, jina la Fyre lilikataa kufa. McFarland alipotoka jela alianza kuuza tiketi za tamasha la pili mwaka 2023; likaahirishwa Aprili 2025, wiki chache kabla ya siku yake. Julai mwaka huohuo akalipiga mnada jina lenyewe kwenye eBay. Lilikwenda kwa dola 245,300, pungufu kidogo ya fedha anazotajwa Jenner kuzipata kwa posti ile moja.