Atakaye kuacha ulevi abishe mlango gani?

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha nilikuwa nimeketi barazani, Makadara, na kikombe cha kahawa chungu mkononi. Akanijia mtu tuliyesoma naye chuoni tukiwa wadogo. Alingoja mpaka wenzangu wakaondoka, ndipo akasema: "Nduyangu, nimechoka na chupa. Nasikia kuna watu hukaa pamoja wakasaidiana kuacha. Wako wapi?"

Mimi niandikaye kila mara nilikosa la kumwambia. Makala haya ni jawabu lake.

Huenda msomaji akashangaa: mtoto wa chuo na ulevi, wapi na wapi? Tusidanganyane. Mnazi, chang'aa na bia havichagui dini. Na mlevi wetu ana mzigo wa pili: hunywa kwa kujificha, na akitaka kuacha hutaka kuacha kwa kujificha. Jamaa nao humfungia chumbani kwa kuogopa midomo ya mtaa, na miaka hupita bila ya tabibu wala mwenzi.

Chama alichokisikia sahibu yangu ni Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina. Kilianza mjini Akron, Marekani, mwaka 1935. Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa, alikuwa ameacha pombe kwa miezi mitano hivi. Akiwa ugenini, na biashara yake imeharibika, alihofia kurudia. Badala ya kuingia baa alipiga simu huku na huku akiomba akutanishwe na mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akapelekwa kwa Bob Smith, daktari wa upasuaji. Smith alikunywa mara ya mwisho Juni mwaka huo, na hakurudia mpaka alipokufa mwaka 1950. Siri yao ilikuwa hiyo tu: mlevi humsikiliza mlevi mwenziwe kuliko amsikilizavyo mtu asiyejua kiu ile.

Mkutano wenyewe hauna mambo makubwa. Watu huketi, mmoja husema jina lake la kwanza na yaliyomfika, na wengine husikiliza bila ya kumkatiza. Hapana ada wala daftari la kuandikisha watu. Sharti ni moja, mtu awe na nia ya kuacha. Mgeni hupata mlezi aliyemtangulia, wa kumpigia simu saa ya kishawishi, na hufundishwa kuihesabu leo tu, ya kesho ayaache kesho. Kwa wake, waume na wazazi wa walevi kuna chama cha Al-Anon, kilichoundwa mwaka 1951.

Taabu yetu ni kwamba sehemu nyingi duniani mikutano hiyo hufanywa katika kumbi za makanisa. Mwislamu akionekana akiingia huko, kesho mtaa mzima utasema ameritadi. Waislamu wa Baltimore, Marekani, waliliona hilo, na mwaka 1989 wakaanzisha Millati Islami, wakazipanga hatua zile kumi na mbili kwa misingi ya dini yetu. Karibu nasi, Zanzibar, tangu mwaka 2009 zimefunguliwa nyumba ziitwazo soba hausi. Vijana, wengi wao waliozama katika unga, huishi humo pamoja, wakafanya mikutano ya namna hiyo na kusali jamaa.

Hapa Mombasa, mwenye kutafuta aulizie MEWA, jumuiya ya Kiislamu ya elimu na ustawi, au Reachout Centre Trust. Zote mbili zimeshughulika sana na watu wa unga, lakini anayejua maradhi ya uraibu hashindwi kumwelekeza mlevi. Halmashauri ya serikali, NACADA, ina simu ya bure, 1192. Na mtu aliyezoea kunywa sana kila siku asikate ghafula peke yake. Anaweza kutetemeka, kuweweseka, hata kushikwa na kifafa akafa. Aanze kwa daktari.

Wapo watakaosema, "Mwacheni, ndiyo kadari yake." Sayidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, alirudi. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Akajibu kuwa ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Basi aendaye mkutanoni naye hakutoka katika kadari.

Wapo pia wa kulaani. Hao nao wakumbuke hadithi iliyomo katika Bukhari, ya mtu aliyeletwa mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie, mara kwa mara kwa kosa la kunywa. Mmoja wa waliokuwapo akamlaani. Mtume akamkataza, akasema kwamba mtu yule anampenda Mungu na Mtume wake. Adhabu aliipata, lakini hakutolewa katika jamaa.

Sahibu yangu nilimpa niliyoyapata. Jioni moja nilimsindikiza mpaka mlangoni, nikamwona akisimama kidogo, kisha akaingia. Nilimngoja nje kwa muda wa saa nzima. Alipotoka tulirudi Makadara kwa miguu tukizungumza habari za mvua. Aliyoyasema mle ndani hakunieleza, nami sikumuuliza.