Pangaboi na taa yake, kila kimoja na swichi yake

Pangaboi lenye taa ni vifaa viwili vinavyoning'inia kwenye fimbo moja: mota inayozungusha mapanga, na taa iliyofungwa chini yake. Philip Diehl, mhandisi wa cherehani za Singer nchini Marekani, alianza na feni tupu katika miaka ya 1880. Taa aliiongeza baadaye. Vifaa hivyo huuzwa pamoja hadi leo, lakini haviwashwi kwa saa zilezile. Tatizo ni kwamba pangaboi mara nyingi hupachikwa mahali palipokuwa na balbu, ambapo fundi hukuta waya mmoja tu unaotoka kwenye swichi, akaunganisha vyote viwili hapo hapo.

Kwa wakazi wa Mwanza na ufukwe wa Ziwa Viktoria, swichi moja ni kero ya kila usiku. Mji uko karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na nje hupoa jua likizama, lakini chumba cha bati kilichopigwa jua kutwa hubaki na joto lake, na ndani ya chandarua upepo hauingii wenyewe. Feni inatakiwa hadi alfajiri. Taa haitakiwi, tena si kwa ajili ya usingizi peke yake: wadudu wadogo wanaoibuka ziwani kwa makundi kama moshi huifuata. Mwanga unaowavuta dagaa kwenye nyavu za wavuvi usiku wa giza huwaleta wadudu hao sebuleni. Penye swichi moja, anayezima taa amezima na upepo.

Dawa yake ni waya mmoja zaidi. Umeme wa nyumbani Tanzania ni wa volti 230. Waya wa moto kutoka kwenye sakiti breka ya taa huletwa kwenye swichi ya vitufe viwili, ile inayoitwa "tu gengi", na kufungwa kwenye terminali ya kuingizia ya kitufe cha kwanza. Kipande kifupi cha waya huupeleka moto huo kwenye terminali kama hiyo ya kitufe cha pili. Upande wa kutokea, kila kitufe hutoa waya wake kwenda darini: mmoja wa mota, mwingine wa taa. Nyutro haikatwi na swichi yoyote. Hufika darini moja kwa moja na kutumiwa na vyote viwili, mradi iwe ya sakiti hiyo hiyo. Ethi hufungwa kwenye sehemu ya chuma ya pangaboi. Kwa hiyo darini panahitajika nyaya nne, na waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha.

Regyuleta ya kasi hukaa kati ya kitufe cha feni na mota, kamwe si kabla ya njia kugawanyika. Swichi ya kufifisha taa haifai kuwa mbadala wake, kwani mota huunguruma, hupata joto na mwishowe huungua.

Nyumba ambayo bado haijapigwa lipu haina shida: waya wa ziada hupitishwa kwenye bomba pamoja na wenzake. Iliyokwisha, kama ina mabomba, nyaya mbili mpya hufungwa kwenye mkia wa waya wa zamani na kuvutwa. Pasipo bomba, hubaki kutindua ukuta au kununua pangaboi la rimoti, ambalo kipokezi chake hugawa umeme juu kwa juu. Hiyo ni njia halali, ingawa rimoti hupotea na betri huisha.

Njia isiyo halali ni kuugeuza waya wa ethi, wenye kijani na njano, kuwa waya wa moto wa pili. Pangaboi litazunguka vizuri tu. Atakayekuja kulifungua baadaye ndiye atakayeshika waya aliodhani ni salama, na chuma cha feni hakina tena kinga. Rangi zenyewe si za kuaminiwa kwa macho: nyumba za zamani zina nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro, mpya zina kahawia na bluu, na nyumba iliyoongezwa vyumba huweza kuwa na zote. Meni swichi izimwe, kisha testa ipitishwe kwenye kila waya.

Uzito nao usisahaulike. Pangaboi hufungwa kwenye mbao imara ya kenchi, si kwenye jipsamu, na mapanga yawe angalau mita 2.3 kutoka sakafuni.

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Kabla ya kumlipa, mwenye nyumba awashe feni peke yake, taa peke yake, kisha vyote pamoja, na kuzungusha regyuleta. Taa ikififia regyuleta inapozungushwa, regyuleta hiyo imeunganishwa pasipo pake, na kazi irudiwe.