Gari la Asili, Asili ya Mwaka Gani?

Katika biashara ya vipuri, ambavyo wenye magari wa Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, huviita pyesi, neno "asili" hutumika kana kwamba lina maana moja tu, yaani kitu kilichotoka kiwandani pamoja na gari lenyewe au kilichotengenezwa baadaye na kiwanda kilekile. Maana hiyo huitosha pistoni, lakini huanza kuyumba pale mnunuzi anapofika kwenye vipambo vya gari, yaani sehemu ambazo gari huweza kutembea hata zikikosekana: shoo ya mbele inayokinga rejeta, nembo, fremu za taa, vitasa vya milango, vifuniko vya magurudumu na mikanda ya kromu. Sehemu hizo viwanda huzibadilisha kwa wepesi kuliko injini, mara nyingi bila kusubiri modeli mpya, kwa hiyo magari mawili ya jina moja na mwaka mmoja huweza kutofautiana sura na bado yote mawili yakawa ya asili.

Uso wa Land Rover ya zamani unalionyesha jambo hilo vizuri. Gari hilo lilizinduliwa katika maonyesho ya Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, likiwa na bodi ya aluminiamu kwa sababu Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, na katika magari ya mwanzo taa kubwa zilikaa nyuma ya wavu wa shoo, zikiangaza kupitia matundu yake. Muda haukupita mwingi wavu ukatobolewa ili taa zichungulie nje, kisha shoo yenyewe ikapunguzwa ikawa na umbo la herufi T iliyopinduliwa. Taa ziliendelea kukaa katikati ya uso wa gari hadi miaka ya 1968 na 1969, zilipohamishiwa kwenye madigadi, na sababu haikuwa urembo bali sheria za taa katika baadhi ya nchi zilizokuwa zikilinunua. Mwaka 1971, Series III ilipotoka, shoo ya chuma ilibadilishwa ikawa ya plastiki, badiliko ambalo wazee wa Land Rover hawajalisamehe mpaka leo, kwa kuwa shoo ya zamani, kama wanavyopenda kusimulia, ilikuwa ikifunguliwa porini na kuchomewa nyama.

Kuna tawi jingine la Land Rover linaloigusa Kongo kwa upande wa historia. Kuanzia mwaka 1952 kampuni ya Minerva ya Antwerp, nchini Ubelgiji, iliyokuwa ikiitawala Kongo wakati huo, iliunda Land Rover kwa leseni kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji. Minerva ilitumia bodi ya chuma badala ya aluminiamu, ikayakata madigadi ya mbele kwa mshazari, na ikaweka nembo yake yenyewe. Mtu aliyezoea Land Rover za Uingereza akiliona digadi hilo atadhani ni kazi ya fundi wa mtaani aliyekosa kipande halisi, kumbe ndilo halisi, na kosa litatokea siku atakapolitupa na kufunga la aluminiamu lililotoka kiwanda cha Land Rover cha Solihull, Uingereza.

Huko Ulaya, wakusanyaji wa magari ya kale hulifuatilia jambo hili hadi kwenye mwezi. Volkswagen ya mgongo wa kobe ilikuwa na kioo cha nyuma kilichogawanywa mara mbili hadi Machi 1953, kikafuata kimoja chenye umbo la yai, na kuanzia Agosti 1957 kikawekwa kikubwa cha pembe nne. Hivyo "Volkswagen ya mwaka 1953" ni jina la magari mawili tofauti, na kinachoyatenganisha ni namba ya chasi. Hata namba hiyo si ya kutegemewa peke yake, maana kiwanda hakitupi masanduku ya vipande vilivyosalia eti kwa sababu mchoro mpya umefika, na katika majuma ya mpito cha zamani na kipya huweza kufungwa katika gari lilelile.

Katika komini ya Mulekera na mitaa mingine ya Beni, swali hili haliji kwa njia ya makumbusho bali kwa njia ya Land Cruiser, hasa za mfululizo wa 70 ulioanza mwaka 1984, ambazo bado zinafanya kazi kila siku. Pikapu inayoitwa 79 ilitoka mwaka 1999, na mwaka 2007 Toyota iliunda upya sehemu ya mbele ili injini ya silinda nane ipate nafasi, ndipo boneti, shoo na madigadi yakabadilika huku jina la 79 likibaki palepale. Anayeagiza "shoo ya 79" Kampala au Dubai bila kueleza zaidi ameagiza nusu ya kitu. Namba ya kipuri ndiyo humwokoa: Toyota huandika tarakimu kumi katika mafungu mawili ya tano, la kwanza likitaja aina ya kitu, kwa mfano 53301 kwa boneti, na la pili likitaja familia ya gari na toleo la kipande, ambapo Land Cruiser nyingi huanza na 60; kitu chenye rangi huongezewa herufi au tarakimu mbili.

Mpaka wa Kasindi nao huongeza tofauti yake. Uganda huendesha kushoto na usukani uko kulia, ilhali Kongo ni kinyume, na kwenye kibati kilichopigiliwa chini ya boneti herufi inayofuata namba ya modeli, L au R, husema gari lilizaliwa upande gani. Usukani huweza kuhamishwa na fundi hodari, ila dashibodi, vioo vya pembeni na taa za mbele, ambazo mwanga wake hukunjwa kuelekea ukingo wa barabara, vyote viliumbwa kwa upande mmoja. Waipa ndizo husahaulika zaidi: katika magari mengi zimepangwa zifagie vizuri mbele ya dereva wa awali, kwa hiyo gari lililohamishwa usukani, mvua inapolikuta barabara ya Butembo, huacha pembe ya kioo yenye matope mbele ya macho ya anayeliendesha, huku abiria akiona njia yote.