Pikipiki Ikianguka, Je, Fremu Hupinda? Somo la Sayansi kwa Shule za Tabora

Mwalimu anayepangiwa kufundisha Sayansi katika shule ya Uyui au Sikonge hatakaa sana kabla hajaulizwa na mtoto: "Mwalimu, pikipiki ya kaka imeanguka ikiwa imesimama, na mwenyewe asema fremu imepinda. Ni kweli?" Swali hilo si la mchezo. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoweka utaratibu wa leseni kwa pikipiki za abiria, vijana wengi huendesha chombo cha mtu mwingine kwa mkataba, wakipeleka hesabu kila siku. Mwenye chombo akiamini kwamba fremu imeharibika, kijana aweza kunyang'anywa chombo kabla mkataba haujaisha. Mwalimu anayejibu kwa kukisia huingia katika ugomvi wa watu bila kujua. Afadhali awafundishe watoto namna ya kuchunguza.

Tuanze na jambo lililo karibu na watoto. Wamekwisha kusikia katika Historia habari za wapagazi wa Kinyamwezi waliokwenda Pwani na kurudi. Richard Burton, aliyefika hapa mwaka 1857, wakati wageni walipouita mji huu Kazeh, alieleza jinsi mitumba ya nguo ilivyofungwa: vitambaa vilikazwa kwa kamba katikati ya fito, na ncha za fito zenye panda ziliachwa zitokeze. Mzigo ulipotuliwa, ncha hizo ndizo zilizogusa ardhi na kupata unyevu, wala si nguo. (Neno lenyewe, mtumba, bado tunalo, ingawa leo twalitumia kwa nguo zilizokwisha kuvaliwa.)

Pikipiki nayo ina fito zake. Ikiangukia ubavu, vinavyotangulia kugusa chini ni ncha ya usukani, mkono wa klachi au wa breki, na kikanyagio. Hivi hutokeza nje, ni vyembamba, hupinda upesi, na bei yake si kubwa. Fremu, yaani mabomba ya chuma yaliyochomelewa pamoja, imekaa ndani, mbali na ardhi. Ndiyo sababu pikipiki iliyoanguka ikiwa imesimama ni nadra sana kupinda fremu.

Sababu ya pili ni kiasi cha nishati. Hesabu hii ni ya mwalimu mwenyewe, isiandikwe ubaoni. Chukua pikipiki ya kilo 120, ambayo kitovu chake cha uzito hushuka sentimita 30 hivi inapolala. Nishati yake ni 120 × 10 × 0.3, yaani jouli 360. Pikipiki hiyo hiyo ikienda kilomita 36 kwa saa, sawa na mita 10 kwa sekunde, ina nusu ya 120 × 10 × 10, yaani jouli 6,000. Hiyo ni zaidi ya mara 16, na mwendeshaji bado hatujamhesabu. Tena ikigonga mti, kani hupitia gurudumu la mbele na shokapu hadi shingo ya fremu, na shokapu hizo ndefu huibana shingo kama mtaimbo. Pikipiki iliyogonga hivyo sharti ichunguzwe fremu.

Hata hivyo mwalimu asiseme kamwe kwamba haiwezekani. Shingoni mwa fremu mna vizuizi vidogo vinavyozuia usukani usizunguke kupita kiasi. Pikipiki ikianguka usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, kizuizi chaweza kupinda au kuvunjika. Jiwe laweza kubonyeza bomba. Na gunia za mkaa zilizofungwa juu ya keria huongeza uzito mahali pa juu, zikaisokota sehemu ya nyuma ya fremu. Pia yawezekana ufa ulikuwapo zamani. Ufa mpya hung'aa, ufa wa zamani una kutu ndani. Jambo hilo dogo laweza kumwokoa kijana, mradi litazamwe mapema, maana wakati wa masika kutu huingia kwa siku chache tu.

Darasani, watoto watengeneze vipikipiki vya waya, kazi ambayo wengi wanaijua kuliko sisi. Wakisimamishe kimoja na kukiangusha ubavu mara 10, kisha wakiteremshe kingine kwenye ubao ulioinama hadi kigonge ukuta. Waeleze wenyewe kilichopinda na mahali kilipopindia. Mwalimu asitangulize jibu.

Kisha watumie baiskeli kujifunza kipimo cha uzi. Mtoto mmoja aishike wima, gurudumu la mbele likitazama mbele sawasawa. Uzi uzungushwe nyuma ya gurudumu la nyuma, sentimita 15 kutoka ardhini, na ncha zake zivutwe mbele pande zote mbili, zikigusa tairi la nyuma tu. Nafasi kati ya uzi na gurudumu la mbele iwe sawa kila upande. Isipokuwa sawa, fremu isilaumiwe kwanza. Watazame kama gurudumu la nyuma limekaa upande katika nati zake. Kwa pikipiki, watazame pia kama shokapu za mbele zimejisokota katika vibano vyake. Hapo usukani huelekea kushoto ilhali gurudumu laenda mbele, na watu wengi husema fremu imepinda. Fundi hulegeza bolti, hunyoosha na kukaza tena.

Pikipiki yenyewe isiletwe darasani ili iangushwe. Petroli humwagika, bomba la moshi huunguza, na kilo 120 si mzigo wa mtoto. Ikibidi waione, wapelekwe kwa fundi wakati injini imekwisha kupoa, na yeye ndiye ailaze na kuiinua.