Safari ya Hisani kwa Baiskeli: Mwili Nao Una Haki Yake

Ndugu msomaji, wakazi wa Buhongwa wamezoea baiskeli. Kila asubuhi hupita zikiwa zimebeba magunia ya mkaa, madumu na mikungu ya ndizi kwenda sokoni. Lakini pengine hupita baiskeli za namna nyingine: kundi la watu wenye kofia ngumu na fulana za rangi moja, jasho limewakauka na kuacha alama nyeupe za chumvi mgongoni. Hawakubeba mzigo wa kuuza. Wanasafiri kwa ajili ya hisani.

Msafara unaojulikana zaidi ni ule uitwao Twende Butiama. Katika miaka ya karibuni umekuwa ukitoka Dar es Salaam hadi Butiama, mkoani Mara, kumkumbuka Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999. Safari hiyo ni ya zaidi ya kilometa 1,000, nayo huambatana na kupanda miti, kusaidia shule na kupima afya za wananchi.

Safari za nia njema si jambo geni katika nchi yetu. Mwaka 1967 Mwalimu mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Mwaka huohuo kijana Seti Benjamini alifariki njiani, katika matembezi ya kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya Azimio hilo. Tuyakumbuke yote mawili. Nia njema humpa mtu moyo wa kuanza safari, lakini haimwondolei sheria za mwili.

Basi tuchukue siku moja tu ya safari ya namna hii, ile ya kutoka Shinyanga kuja Mwanza, kilometa zipatazo 160, tuone mwili unadai nini.

Alfajiri: kula kabla ya njaa

Wenye busara huondoka jua halijachomoza, wakiwa wamekwisha kula. Misuli na ini huweka akiba ya sukari, lakini kwa kazi nzito akiba hiyo huanza kuisha baada ya saa moja na nusu au mbili. Ikiisha, mtu hulegea ghafla, hutetemeka na kuona kizunguzungu. Dawa yake ni kula kidogo kidogo njiani: ndizi mbivu moja au mbili kila saa, au matobolwa. Wazee wa Usukumani walijua tangu zamani kwamba viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa ni chakula cha msafiri.

Kabla ya kuondoka pima siti yako. Pedeli ikiwa chini kabisa, goti likunjike kidogo tu. Siti ikiwa chini mno, magoti yatauma kabla ya mchana. Njiani badili mahali pa kushika usukani mara kwa mara, maana neva ya kiganjani ikibanwa muda mrefu, kidole cha mwisho na jirani yake hufa ganzi.

Saa nne: maji na chumvi

Mwezi Oktoba jua la Shinyanga ni kali, na vivuli ni vichache. Mwendeshaji anywe kama nusu lita ya maji kila saa, kwa mafunda madogo, na aongeze kiasi joto likizidi. Mkojo ukiwa mchache na wa rangi ya chai, amechelewa kunywa.

Lakini wapo wanaokosea upande wa pili. Kunywa maji matupu mengi kupita kiasi hupunguza nguvu ya chumvi katika damu. Mtu huumwa kichwa, hutapika, huchanganyikiwa, na anaweza hata kupata degedege. Kwa hiyo chumvi inayotoka na jasho irudishwe. Ule mchanganyiko ambao akina mama huwapa watoto wanaoharisha unafaa pia hapa: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa.

Saa saba: pumzikeni

Kuanzia saa sita hadi saa tisa kundi likae kivulini. Joto la mwili likipita nyuzi 40, ubongo huanza kuathirika. Ukimwona mwenzako anayumba, anaongea maneno yasiyoeleweka au amekasirika bila sababu, usimwache apande tena baiskeli. Mlaze kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima na mpepee bila kukoma, huku wengine wakitafuta gari la kumpeleka hospitali. Kama hana fahamu, usimnyweshe kitu. Hali hii huua, na kila dakika ina thamani.

Saa kumi: Usagara hadi Buhongwa

Ndugu msomaji, kipande hiki ndicho cha kuogopa zaidi, ingawa ni kifupi. Huko Usagara barabara ya Geita huungana na hii ya Shinyanga, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwezi Juni 2025, magari ya upande huo hayasubiri kivuko tena. Mabasi, malori na daladala hubanana. Wakati huohuo waendeshaji wameona mawe ya Mwanza, nao wanataka kumaliza. Wenye nguvu huongeza mwendo. Aliyechoka huona haya kusema, asije akaonekana ndiye anayewachelewesha wenzake.

Hapo ndipo hisani inapopimwa. Mwendo wa kundi uwe mwendo wa yule wa nyuma kabisa. Nendeni mstari mmoja, kofia zikiwa zimefungwa kidevuni, na mwenye uzoefu abaki mwisho. Ukimuuliza mwenzako, "Vipi, kaka?" atakujibu, "Safi tu." Muulize swali linalotaka jibu: "Hiyo ni chupa ya ngapi leo? Hapa tumefika wapi?" Akishindwa kujibu, simamisheni msafara hapohapo Buhongwa. Soko lipo, vivuli vipo, na mjini hakutoroki.

Jioni: usijitose ziwani

Aliyechoka akiliona ziwa hutamani kuoga. Asifanye hivyo. Pwani za Ziwa Victoria zina kichocho, na vijidudu vyake, vinavyotoka kwenye konokono wa majini, hupenya ngozi kwa muda mfupi tu, hata ukinawa miguu. Oga maji ya bomba. Kama ulikwisha kuingia ziwani, kapime baada ya wiki sita hadi nane. Dawa ipo na inatibu. Kisha kula chakula cha kutosha, ugali na samaki au maharage, na ulale ndani ya chandarua.

Nani amwone daktari kwanza?

Mwenye selimundu, kwa kuwa uchovu mkubwa na upungufu wa maji huweza kumletea maumivu makali. Mwenye kisukari anayetumia dawa, kwa kuwa sukari yake inaweza kushuka njiani. Mwenye shinikizo la damu, na yeyote anayebanwa na kifua akipanda mlima. Wengine wote wajizoeze kwa wiki nyingi, wakiongeza umbali polepole. Hata asiyefikiria safari ndefu atafaidika: dakika 30 za baiskeli, siku 5 kwa wiki, hulinda moyo na kusaidia kuzuia kisukari.

Mwisho, neno kwa wanaojiandaa. Atakayepanda gari la msafara kwa sababu mwili umekataa hajapunguza chochote katika sadaka yake. Miti itapandwa, na madawati yatafika shuleni. Msafara mzuri ni ule unaofika na watu wote ulioondoka nao.