Sifa Yenye Gharama: Vyeo na Tuzo katika Jumuiya ya Washairi wa Kiswahili, kutoka Ugogo hadi Mitandaoni

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mifumo ya tuzo na vyeo inavyounda mwenendo wa jumuiya za watu wanaotunga mashairi kwa mapenzi, si kwa ajira. Mfano wa msingi ni Mathias Mnyampala (1917–1969), mshairi wa Kigogo kutoka Dodoma, ambaye maisha yake ya utunzi yalipitia malumbano ya washairi, chama cha UKUTA na kuzuka kwa ngonjera. Hoja kuu ni kwamba malumbano yalijenga jumuiya imara kwa sababu sifa ndani yake ilikuwa na gharama: aliyetaka kumsifu au kumpinga mshairi alipaswa kulipa kwa shairi. Tuzo za fedha na alama za kupenda za mitandaoni zimebadili gharama hiyo, na kwa hiyo zimebadili pia namna washairi wanavyosomana.

1. Utangulizi

Idadi kubwa ya mashairi ya Kiswahili ya karne ya 20 ilitungwa na watu waliokuwa na kazi nyingine: walimu, makarani, mahakimu na wakulima. Kwao utunzi ulikuwa shughuli ya faragha iliyofanyika hadharani. Jumuiya ya namna hii haina mshahara wa kuwaunganisha wanachama wake; inachowapa ni kutambuliwa. Swali la nani anatambuliwa, na nani na kwa kipimo gani, ndilo swali la uhai wake.

Wahakiki wa ushairi wa Kiswahili wameshughulikia sana vina, mizani na maudhui. Mfumo wa sifa unaomfanya mtu arudi kutunga kesho haujapewa uzito wa kutosha. Hata hivyo, istilahi zenyewe zinauonyesha: neno malenga ni cheo. Vitabu vimelibeba kama taji, kuanzia *Malenga wa Mvita* (1971) wa Ahmad Nassir hadi *Malenga wa Bara* (1976) wa K. K. Kahigi na M. M. Mulokozi. Anwani ya kitabu hiki cha pili inadai hadhi kwa niaba ya eneo ambalo kwa muda mrefu halikuhesabiwa kuwa kitovu cha ushairi.

2. Jibu kama tuzo

Malumbano ni ya kale. Mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu na Pate. Kilichobadilika katika enzi ya ukoloni ni uwanja. Gazeti la *Mambo Leo*, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, liliwapa washairi ukurasa wao. Watu wasiowahi kuonana waliweza kusomana, kuulizana mafumbo na kupingana. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914 kupitia Dodoma na Tabora, ilikuwa tayari imeifungulia bara njia ya barua na magazeti.

Katika uwanja huo, tuzo kuu ilikuwa jibu. Shairi lisilojibiwa lilipita. Shairi lililojibiwa na wengi lilimpandisha mtunzi wake. Jambo la kuzingatia ni kwamba jibu halikuwa rahisi. Katika bahari ya shairi iliyozoeleka zaidi, mjibuji alihitaji beti za mishororo minne, kila mshororo ukiwa na mizani 16 iliyogawanyika katika vipande viwili, pamoja na vina vya kati na vya mwisho. Mara nyingi alifuata vina vya mwenzake. Hivyo hapakuwa na namna ya kumpima mtu bila kujiweka naye kwenye mizani. Aliyesifu vibaya alijiaibisha, na aliyepinga kwa beti zenye guni alishindwa kabla hoja yake haijasikika.

Mfumo huo haukuwa huru kabisa. Mhariri aliamua shairi lipi lichapishwe, na gazeti lilikuwa la serikali ya kikoloni. Lakini ndani ya mipaka hiyo, daraja la mshairi lilitokana na kusomwa kwa makini na watu walioijua kazi yenyewe.

3. Mnyampala na kipimo kilichofungua mlango

Mnyampala alizaliwa Ugogoni, mbali na Mvita, Lamu na Unguja, na lugha yake ya kwanza haikuwa Kiswahili. Alikuwa mtumishi wa serikali na baadaye hakimu. Mwaka 1954 alichapisha kitabu kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo, na *Diwani ya Mnyampala* ikatoka mwaka 1963. Aliyashiriki malumbano kwa kiwango cha kuyatolea kitabu.

Mtu wa bara aliwezaje kupata daraja la juu katika sanaa iliyonasibishwa na pwani? Sehemu ya jibu ni kwamba kipimo kilikuwa wazi. Mwaka huohuo wa 1954, Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alitoa *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, kitabu kilichoweka kanuni za utunzi katika maandishi. Kanuni ikishaandikwa, haiulizi mtu amezaliwa wapi. Mizani 16 ni 16 Dodoma kama ilivyo 16 Mombasa. Mgogo aliyezitimiza hangeweza kukataliwa kwa hoja ya asili yake pekee.

Lakini kipimo hichohicho kilikuja kufunga mlango. E. Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alipochapisha *Kichomi* mwaka 1974 kwa mashairi yasiyofuata vina na mizani, sehemu ya wanajadi walikataa kuyaita mashairi. Mgogoro huo uliendelea kwa miaka mingi, na J. M. M. Mayoka aliuweka katika anwani ya kitabu chake cha mwaka 1986. Kwa kawaida unaelezwa kama ugomvi wa nadharia kuhusu maana ya ushairi. Ukitazamwa kwa jicho la mfumo wa sifa, ulikuwa pia ugomvi wa daraja. Watu waliopanda ngazi kwa kuhesabu mizani waliambiwa kwamba ngazi yenyewe si ya lazima. Walikuwa na kitu halisi cha kupoteza.

4. Ngonjera: malumbano yenye mshindi anayejulikana

Mnyampala alikuwa pia miongoni mwa viongozi wa chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania (UKUTA). Mwaka 1968 Rais Julius Nyerere aliwataka washairi watumie sanaa yao kulieneza Azimio la Arusha. Ngonjera, utanzu ambao jina la Mnyampala linahusishwa nao zaidi, ukawa chombo kikuu cha kazi hiyo. *Ngonjera za UKUTA* zilitoka mwaka 1970 na 1971, baada ya kifo chake, na utanzu huo ukaenea mashuleni.

Kwa umbo, ngonjera ni mtoto wa malumbano: watu wawili au zaidi wanajibizana kwa beti. Tofauti iko katika matokeo. Katika malumbano, hakuna ajuaye mapema nani atashinda. Katika ngonjera za aina hii, asiyejua au mpinzani huanza kwa ubishi, mjuzi humwelimisha, na mwisho wote hukubaliana. Jibu limeshaandikwa na mtu mmoja.

Mabadiliko haya yanaeleweka vyema tukiuliza anayetoa tuzo ni nani. Mlumbi hutambuliwa na mlumbi mwenzake. Mghani wa ngonjera hutambuliwa na hadhira, na mara nyingi na mgeni rasmi. Faida ilikuwa kubwa: maelfu ya watoto waliguswa na ushairi wa Kiswahili kwa mara ya kwanza kupitia ngonjera. Gharama yake ni kwamba kujibu, jambo lililokuwa tendo la mshairi, kuligeuka kuwa zamu ya kughani.

5. Tuzo za fedha

Karne ya 21 imeleta tuzo zenye fedha. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ilianzishwa mwaka 2014. Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein ilianza kushindaniwa katika kipindi hichohicho. Na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023. Tuzo hizi zimefanya jambo ambalo malumbano hayakuweza: zimefungua njia ya miswada kuwa vitabu.

Hata hivyo, zimebadili mwelekeo wa macho. Mshiriki huandikia jopo, si wenzake. Majaji husoma kwa makini, lakini usomaji wao hubaki ndani ya chumba. Jumuiya huona orodha ya washindi tu. Jaribio la mwanasaikolojia Edward Deci, lililochapishwa mwaka 1971, linatoa tahadhari inayofaa hapa. Wanafunzi waliolipwa kwa kutatua chemshabongo walipungukiwa na hamu ya kuichezea malipo yalipokoma, ilhali waliopewa sifa kwa maneno hawakupungukiwa hivyo. Tatizo, basi, si kutuza, bali ni kutuza bila maneno. Katika hili, uamuzi wa waandaaji wa Tuzo ya Ebrahim Hussein wa kuchapisha diwani yenye kazi za washiriki wengi unastahili kuzingatiwa, kwa kuwa huwapa washairi nafasi ya kusomana.

6. Alama ya kupenda

Mitandaoni, washairi hukutana katika makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook. Kwa sura, uwanja huu uko karibu na gazeti la zamani kuliko tuzo yoyote: shairi hutumwa, na jibu laweza kufuata papo hapo, bila mhariri. Mshairi wa Kongwa au Mpwapwa hahitaji tena kusubiri gazeti.

Tofauti iko katika bei ya sifa. Alama ya kupenda haimgharimu anayeitoa chochote. Yaweza kumaanisha kwamba shairi limesomwa, limependwa, au mtunzi wake ni rafiki. Kwa kuwa haigharimu, haibebi habari. Na kwa kuwa huhesabika, ndiyo inayotazamwa. Mchumi Charles Goodhart alionya mwaka 1975 kuhusu vipimo vinavyopoteza maana pindi vinapotumiwa kutawala mwenendo. Shairi fupi lenye salamu za sikukuu litavuna alama nyingi kuliko fumbo linalohitaji siku tatu kulifumbua, na mtunzi atajifunza haraka kipi kinalipa.

Si kwamba teknolojia inalazimisha hali hii. Palipo na desturi ya kujibu shairi kwa shairi, malumbano hufanyika hata kwenye simu. Kinachoamua ni kanuni ya kundi kuhusu kipi kihesabiwe kuwa jibu.

7. Hitimisho

Uchunguzi huu unaonyesha kwamba mifumo ya sifa haiwi mizuri au mibaya kwa kuwa ya kale au ya kisasa. Malumbano yalimpa Mnyampala daraja ambalo asili yake isingempa, na kipimo chake kikawa ukuta kwa waliofuata. Linalobaki kuwa la thamani ndani yake si idadi ya mizani, bali sharti kwamba anayepima naye apimwe.

Sharti hilo laweza kurejeshwa bila kurudi nyuma. Majopo ya tuzo yanaweza kuchapisha hoja zao, si majina ya washindi pekee. Tuzo inaweza kutenga nafasi kwa shairi bora la kujibu, liwe la vina au huru. Vyuo vikuu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dodoma kilicho katika ardhi aliyozaliwa Mnyampala, vinaweza kukusanya malumbano ya magazetini na ya simu, maana haya ya pili hufutika mtu anapobadilisha simu yake. Jumuiya inayohifadhi washindi wake tu huacha nusu ya mazungumzo, kwani kila shairi la malumbano lina maana kamili pale tu lile lililolijibu linapokuwepo.